Bibi Nyamizi na Miguu ya Lugendo

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa gani hiyo ya kusinzia? Paukwa!

— PAKAWA!

Haya. Zamani hizo, babu wa babu zenu hajaota jino, palikuwa na kijiji chenye mtama tele na maji tele. Watu walishiba, wakasema Mungu ni habari ya wenye njaa.

Akabaki mmoja tu anayesali, Bibi Nyamizi, mjane asiye na mtoto. Kabla ya kulima, magoti chini, pu! Kabla ya kula, magoti chini, pu! Watu wakacheka, kwa! kwa! kwa!

Mkuu wa kijiji alikuwa kijana, Lugendo. Akasimama barazani.

"Bibi, unatuaibisha. Acha hayo magoti yako. Usipoacha, atakayekupa shikamoo hachoti maji kisimani."

"Yesu siwezi kumwacha, mwanangu."

Basi. Bibi akapita njiani, kimya. Akapita kisimani, kimya. Mzee mzima, hana wa kumwitikia marahaba! Mimi ningewarushia mchi. Yeye alilia, akajifuta kwa upindo wa nguo.

Kesho yake akamkuta Lugendo njiani. Magoti chini, pu!

"Shikamoo, mwanangu."

Bibi kumwamkia kijana! Watu kwa! kwa! kwa! Lugendo akatunisha kifua: "Marahaba, kajukuu kangu!"

Kila asubuhi hivyo hivyo. Pu! "Shikamoo." Kwa! kwa! kwa! "Marahaba, kajukuu!"

Hata asubuhi moja bibi hakuinuka.

"Mwanangu, mguu huu una nini?"

"Mguu gani? Pita zako!"

"Wa kushoto. Umevimba, unanuka. Waliosimama wanaona shuka yako nzuri. Mimi kila siku niko huku chini."

Lugendo jasho likamtoka. Mwiba wa mchongoma ulikuwa umezama kisiginoni, naye aliona haya, mkuu mzima alie kwa mwiba!

Bibi akamkalisha. Akaushika mguu ule, akauweka mapajani, akachokonoa polepole kwa sindano. Chwaa! Usaha ukatoka, na mwiba nyuma yake. Akaosha kwa maji yake.

"Bibi, nimekudhihaki mbele za watu. Kwa nini unanishika?"

"Si nilikwambia shikamoo? Maana yake nashika miguu yako. Ulidhani natania? Bwana wangu Yesu aliosha mpaka miguu ya mtu aliyekwenda kumuuza."

Lugendo akapiga magoti, kisigino kikimuuma. Sauti ikatoka ndogo kama ya mtoto.

"Shikamoo, bibi."

Neno hilo bibi alikuwa amelingoja tangu mtama ukiwa mchanga.

"Marahaba, mjukuu wangu. Sasa inuka, utaingiza vumbi kidondani."

Nawaambia wazi, mimi sizunguki: ukidharauliwa kwa ajili ya Mungu, usigombanie kusimama juu. Shuka. Huko chini ndiko viliko vidonda vya watu.

Hadithi yangu imepiga magoti hapo. Ninyi inukeni, mkawaamkie bibi zenu.