Jina li Mgongoni, Toleo li Tumboni

Jina li mgongoni, toleo li tumboni.

Mlicheka mlipoisikia methali hiyo, wanangu, Mzee Mrutu alipoitamka mbele ya washenga. Watu walikuwa wanalishangilia jina la ukoo wa bwana harusi, na hakuna aliyeuliza kijana mwenyewe yukoje. Sasa mnauliza toleo ni nini na tumbo linaingiaje. Methali hii si ya wahenga wa kale. Ilizaliwa hapa hapa milimani Upareni, nyumbani kwa Nakiete, mwaka ule mvua za vuli zilipoimeza barabara, na chanzo chake ni hiki.

Nakiete alikuwa mjane, mtu wa sala asubuhi na jioni. Dada yake, Eliwaza, alikuwa amelazwa hospitali ya mjini. Kiharusi kilikuwa kimemfunga ulimi. Barabara ilikuwa imekatika, hakuna wa kushuka mjini wala kupanda kutoka huko. Basi kila siku saa kumi alasiri muuguzi alimshikia Eliwaza simu, uso wa Nakiete ukatokea kiooni, naye Nakiete akamsomea zaburi. Zaburi ikiisha, Eliwaza aliinua kidole kimoja, ndipo akakubali kula. Asipomwona mdogo wake mpaka mwisho wa zaburi, alifumba midomo, na uji ukarudi jikoni kama ulivyokuja.

Kule bondeni kwa Nakiete simu hazishiki mtandao. Mtandao ulinaswa na antena juu ya paa, ukashuka kwa waya hadi kwenye ruta, kisanduku cheusi cha kuugawa alichokiacha marehemu mumewe. Nakiete alikuwa ameifumia ruta hiyo nguo ya uzi mweupe, yenye matundu ya kupitisha hewa, kama alivyoifumia redio na chupa ya chai. Ilikuwa imeshonwa chini kote, na jina la ruta tu likichungulia juu. Lakini siku hizo ruta ilikuwa inazimika yenyewe na kuwaka tena, na kila mara zaburi ilikatika katikati. Siku ya tatu muuguzi akasema, "Mama, leo hata kijiko kimoja hakufungulia mdomo."

Kesho yake, Jumapili, ibada ilipokwisha, watu walitoka nje kwenye mnada wa matoleo, mazao yaliyoletwa kanisani. Nakiete akamtafuta Mbazi, fundi wa simu na redio mwenye kibanda sokoni, juu kileleni, akamweleza yote.

"Mama, ruta yako nilishaipima mwezi uliopita. Chuma ni kizima," Mbazi akasema. "Tatizo ni roho."

"Roho?"

"Kila ruta ina programu ndani inayoiongoza. Ya kwako, walioitengeneza wameacha kuiangalia, imebaki yatima. Tuitoe, tuweke nyingine, ya watu wengine kabisa."

"Wasiokiunda hicho kisanduku?"

"Ndiyo, hao hao."

Nakiete akajifunga khanga vizuri. "Roho isiyotoka kwa muumba wake, mwanangu! Si ndiyo hiyo tunayoikemea kwenye maombi kila Ijumaa?"

Mbazi akacheka hadi akashika kiuno. "Ni maandishi tu, mama, wala hayana pepo. Zipo mbili za kuchagua. Moja ina mambo mengi, nyumba ya vyumba ishirini. Nyingine ni nyepesi, ruta ya zamani inaibeba bila kuhema."

Vyumba ishirini ndani ya kisanduku kile Nakiete hakuviona viko wapi. Lakini mzigo aliujua. "Hiyo nyepesi," akasema. "Mzee hatwishwi gunia."

"Vema. Na toleo lako ni la ngapi?" Mbazi akauliza, simu mkononi, tayari kuandika.

Nakiete aligeuka akaangalia meza ya mnada. Jogoo wa mama mchungaji alikuwa amenunuliwa kwanza, na sasa mkungu wa ndizi wa Nakiete mwenyewe ndio ulionyanyuliwa.

"La pili," akajibu.

Mbazi akaandika jina la ruta, alilolijua tangu alipoipima, na mbele yake: la pili.

Jumatatu saa nane mchana Mbazi alishuka na laptopu yake, na programu iko tayari kwenye flashi. Aliitazama ruta katika nguo yake nyeupe, akalisoma jina pale juu, akalifananisha na jina aliloandika. "Ndiyo yenyewe," akasema, akachomeka waya.

Nakiete alikuwa amesimama nyuma yake. Hakuelewa neno hata moja la kwenye kioo, ila aliona maandishi mekundu yakitokea.

"Mbona imekasirika?"

"Inasema programu hii si yake. Ruta huwa zinaringa zikiona mgeni, mama." Akabonyeza palipoandikwa endelea hivyo hivyo.

Taa zote zikawaka pamoja, zikazimika pamoja. Ikabaki moja, nyekundu, imekodoa. Mbazi akachomoa waya, akachomeka. Akangoja. Akachomoa tena. Jasho likamtoka.

"Imekufa?" Nakiete akauliza.

"Haielewi imekuwa nani."

"Saa kumi je?"

Mbazi alichomeka laptopu moja kwa moja kwenye waya wa antena, lakini antena ilikuwa imefungwa kuitambua ruta ile tu, haikumfungulia. Akakaa chini, akashika kichwa.

"Mama, una hakika toleo ni la pili?"

"Nina hakika! La kwanza jogoo wa mama mchungaji, la pili ndizi zangu."

"Ndizi?"

"Uliniuliza toleo langu."

"Niliuliza la ruta!"

"Na ruta ilitoa nini kanisani?"

Wakatazamana. Mbazi akaeleza polepole, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Watengenezaji huipa ruta jina moja, lakini kila wakitoa nyingine ya jina lile hubadilisha vitu vya ndani. Ya kwanza ni toleo la kwanza, inayofuata la pili, na programu ya toleo hili hailingani na toleo lile. Nje ni mapacha. Ndani kila moja na mambo yake.

"Sasa hilo toleo limeandikwa wapi?"

"Chini, tumboni."

Nakiete akachukua mkasi. Nguo aliyoifuma kwa wiki mbili akaipasua bila kusita, akaipindua ruta. Palikuwa na karatasi ndogo imebandikwa. Akaivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Hapa pana herufi V, na nne."

"Toleo la nne," Mbazi akasema kwa sauti ndogo. "Nimekosa mimi, mama. Wewe ulijibu ulichoulizwa. Mimi nilisoma jina nikaridhika, hata yenyewe iliponikatalia."

"Toba utaifanya njiani," Nakiete akamwambia. "Panda."

Kupanda hadi kibandani, penye mtandao wa kuchukulia programu ya toleo la nne, ni saa nzima kwa mwenye miguu mizuri. Mbazi aliondoka mbio.

Saa kumi ikafika. Nakiete alikaa kwenye kigoda chake, simu mbele, kioo cheusi. Alimwona Eliwaza akilini, macho yake kwenye simu ya muuguzi, akingoja. Hakujua afanye nini, basi akaisoma zaburi kwa kioo kile kile cheusi, neno kwa neno, mpaka mwisho. Hakuna kidole kilichoinuka.

Saa kumi na moja na robo Mbazi akaingia, matope hadi magotini. "Kuna kitundu hapa nyuma cha kuifufua. Nipe kitu chembamba."

Nakiete akampa sindano yake ya kufumia. Mbazi akaididimiza kitunduni, akawasha umeme. "Hesabu kumi, mama, na usiharakishe."

Nakiete akahesabu kama anayehesabu pumzi za mgonjwa. Laptopu ikaionyesha ruta. Mbazi akainua mkono kubonyeza, Nakiete akaudaka.

"Soma kwanza."

Mbazi akasoma kwa sauti: jina lile, toleo la nne, programu nyepesi. Safari hii maandishi mekundu hayakuja. Taa ya kwanza ikawaka kijani, ya pili ikafuata, na ya antena ikaja mwisho kabisa, Nakiete akiwa amekwisha fumba macho.

Muuguzi alipokea. "Mama, uji uko hapa hapa, umepoa. Kagoma kabisa."

Nakiete akasoma. Zaburi ilifika mwisho bila kukatika hata mara moja, na kidole cha Eliwaza kikainuka. Kisha kikainuka cha pili, ambacho hakikuwa kimewahi kuinuka. Akala uji wote, umepoa vile vile.

Jumapili iliyofuata, mnadani, karani wa kanisa akamwuliza Nakiete, "Mama, toleo lako ni la ngapi?"

"La ndizi au la ruta?" akajibu, na Mbazi akajificha nyuma ya wanakwaya. Watu walitaka kujua kisa. Nakiete akawasimulia, kisha akamalizia, "Jina li mgongoni, wanangu. Mimi na huyu tulilisoma tukaridhika, dada yangu mwenye njaa ya siku nne akazidi kungoja. Sasa nguo ya ruta nimeifuma upya, na chini nimeiachia dirisha."

Basi washenga wakirudi Jumamosi na kulitaja lile jina kubwa la ukoo, wapokeeni wageni, wapeni chai. Halafu ulizeni kijana mwenyewe yukoje, maana jina li mgongoni, toleo li tumboni.