Wageni wa Bi Somoe

Hapo zamani za kale, enzi ambazo ng'ombe walikwenda malishoni wenyewe na kurudi wenyewe bila fimbo ya mtu, alikuwapo sange mmoja, jina lake Somoe. Sange mnamjua? Msiitikie kwa kichwa tu kama hammjui. Sange ni mnyama mdogo wa kuenea kiganjani, ana pua ndefu inayochezacheza, miguu myembamba, na mbio ambazo ukipepesa jicho umeshamkosa.

Somoe aliishi katikati ya nyasi ndefu na mapacha wake, Kulwa na Doto. Kila asubuhi, kabla hajatia kitu mdomoni, alifagia vijia vyake. Fya, fya, fya. Jani kavu, pembeni. Kijiti, pembeni. Mtoto wa sange akikimbia kuokoa roho yake hatakiwi kujikwaa. Vijia hivyo vilipita chini ya nyasi, kutoka mlangoni mpaka kwenye kichuguu cha mchwa, na aliye juu hakuweza kuviona.

Na juu alikuwapo wa kuogopwa. Mwewe alikaa kwenye mgunga mkavu kutwa nzima, hana kazi nyingine ila kutazama chini.

Sasa, kiangazi kile kilikuwa kibaya. Ng'ombe wa Fahali Nundu walikuwa wamelila bonde zima, wakaliacha kama kichwa kilichonyolewa. Zilibaki nyasi za kwa Somoe tu, na wadogo wote wa bondeni walikuwa wamekimbilia humo.

Mama Mistari, panya wa jirani, alichelewa kuhama. Kitindamimba wake alitoka kutafuta mbegu mahali palipokuwa na nyasi juzi tu. Alipofika hakukuta nyasi. Vuup! Mwewe akapita naye.

Mama Mistari alikuja kwa Somoe, akaketi chini. Somoe alimkorogea uji. Uji ukapoa. Wakalia wote wawili.

Jioni hiyo hiyo, nje kulisikika kwachu, kwachu, kwachu. Ng'ombe walikuwa wanang'oa majani karibu kabisa na uwanja wa Somoe. Somoe akafuta macho, akatoka.

"Shikamoo, Bwana Nundu."

Fahali Nundu akatazama kushoto, akatazama kulia. "Marahaba. Nani anaongea?"

"Huku chini. Jirani yako, Somoe."

"Aa, Bi Somoe. Sema."

"Bwana, naomba hizi nyasi zangu uniachie. Zimebaki hizi tu."

"Ndiyo maana nimekuja," akasema Nundu. "Zingekuwapo nyingine ningekuja kufanya nini? Halafu wewe unakula mchwa. Nyasi unazitakia nini?"

"Wewe unaona chakula, Bwana. Mimi hilo ni paa la nyumba yangu. Ukilila, Mwewe anawaona wanangu."

Nundu hakuwa na roho mbaya, msinielewe vibaya. Alikuwa na njaa, na nyuma yake walisimama ng'ombe wenye mbavu za kuhesabika, baadhi yao wana mimba. Alishusha pumzi, fuuuh, mpaka Somoe akayumba.

"Ng'ambo ya kijito majani yapo, lakini njia ni ya mawe na sisi tumechoka. Pole, Bi Somoe. Kesho asubuhi tunaingia hapa."

"Kesho?"

"Kesho."

Somoe akarudi kwa kupitia uwanja ulioliwa, moyo mzito, pua chini. Akakuta kichaka cha nyasi kimesimama peke yake. Akaenda mbele, akakuta kingine. Kile cha kwanza kilikuwa na mavi makavu ya ng'ombe katikati, na cha pili vilevile.

"Hapa mbona hawakugusa?" akajiuliza. Akanusa, pua ikacheza huku na huku. Ng'ombe, jinsi walivyo na makuu, hawali walipochafua. Bora walale njaa.

Na kulikuwa na jambo jingine ambalo Somoe alilijua vizuri, maana limewahi kumwangukia. Ng'ombe akilala akacheua, wakati wa kuinuka, kabla hata hajajinyoosha, kitu cha kwanza ni pwata!

Msicheke hivyo, nitashindwa kuendelea.

Somoe hakungoja kesho. Jua lilikuwa bado halijazama, na ng'ombe walikuwa wanatafuta mahali pa kujilaza wacheue kabla ya kurudi zizini. Akawakimbilia.

"Bwana Nundu, nimefikiri. Kama kesho mnaingia kwangu, basi leo nyie ni wageni wangu. Na kwetu sisi mgeni halazwi kwenye kokoto. Njooni mjipumzishe ukingoni mwa nyasi zangu, ni laini."

"Umekubali?" Nundu akashangaa. "Hujakasirika?"

"Nikasirike niwashinde nguvu? Karibuni."

Nundu alifurahi. Alikuwa anapenda heshima kuliko chumvi, na anayependa chumvi kama ng'ombe nani? Akajilaza ukingoni, puu! Wenzake wote wakajilaza, maana yeye akilala wanalala, akisimama wanasimama. Wakaanza kucheua, macho nusu.

Hawajacheua sana, Somoe akaja mbio, mikono kichwani.

"Bwana wangu, nisamehe! Nimekulaza jikoni."

"Jikoni?"

"Hapo ndipo ninapokaangia mchwa. Mtu mzito kama wewe jikoni! Watu watanisema. Sogea pale, tafadhali, pale ndipo sebuleni."

Nundu akaona ni kweli, jikoni si mahali pake. Akainuka. Pwata! Kundi zima likainuka. Pwata, pwata, pwata, pwata! Wakasogea kidogo, wakijivuta kuufuata ukingo, wakalala tena.

"Hapa sawa," akasema Nundu.

"Hapo sawa kabisa," akajibu Somoe, akapotelea kwenye kijia chake. Punde akatokea upande wa pili. "Bwana Nundu, ee, naona haya hata kusema. Hapo ulipo ni mlango wa chumba cha mama mkwe wangu."

Nundu akaruka. Nani anataka kukutwa mlangoni kwa mama mkwe wa mtu? Pwata! Na kundi zima, pwata, pwata, pwata!

Basi ikawa hivyo. Mara ni stoo, mara ni upande wa moshi, mara kule mbele upepo ni mzuri zaidi. Kila wakihama waliufuata ukingo wa nyasi, na kila wakiinuka, mnajua wenyewe. Tumbo la ng'ombe halina uchoyo. Mpaka jua linazama walikuwa wameizunguka nyumba ya Somoe yote, wakarudi walipoanzia.

Ng'ombe mzee aliyeitwa Bibi Madoa peke yake ndiye aliyefungua jicho moja akamtazama Somoe. Somoe akamtazama naye. Moyo ulimwenda mbio, tu-tu-tu-tu. Bibi Madoa akafumba jicho lake, akaendelea kucheua.

Asubuhi Nundu akaja na watu wake, matumbo matupu. Somoe alikuwa amesimama mlangoni, Kulwa na Doto nyuma yake, na nyuma yao Mama Mistari na wadogo wote wa bondeni wamebanana. Kwenye mgunga, Mwewe alikuwa ameinama tayari, anasubiri paa lifunuliwe.

Nundu akashusha kichwa, akanusa.

"Puh! Nani kafanya haya?"

Ng'ombe wakatazamana. "Si mimi," akasema mmoja. "Mimi nilikuwa nimelala," akasema mwingine. Mtamba mmoja mwenye maringo akarudi nyuma kabisa. "Mimi chooni sili. Hata kama ni kufa."

"Pita katikati," Nundu akaamuru.

"Tangulia wewe."

Nundu akajaribu. Akajikaza, akanyoosha shingo, akafungua mdomo. Pua ikakataa. Akazunguka upande wa huku, akazunguka upande wa kule, kote ni vilevile. Ndipo akasimama, akamtazama yule mdogo mlangoni.

"Somoe. Jikoni kwako ni wapi hasa?"

Somoe akajibu. "Ndani, Bwana. Hukuwahi kufika."

"Na mama mkwe?"

"Alishafariki zamani, maskini."

Nundu akainua ukwato juu ya mlango, na Somoe aliona kivuli chake kikiwafunika wanawe. Hakukimbia. Bibi Madoa ndiye aliyeanza, hihihi, mpaka nundu yake ikatikisika, na ng'ombe wengine wakamfuata.

"Ametuinua kama watoto," akasema Bibi Madoa. "Na kila aliyeinuka ameinuka mwenyewe. Twende ng'ambo, Nundu. Mawe hayaui."

Nundu akashusha ukwato wake polepole, pembeni. Kundi likavuka kijito. Mwewe alikaa hadi adhuhuri, akachoka, akaenda kutafuta riziki mahali pengine.

Masika yakaja. Yale mavi yakawa mbolea, na nyasi za Somoe zikapanda zikampita ng'ombe mgongoni. Kwingine majani yalikuwa bado ya kuparaza ukwato.

Asubuhi moja, Somoe anafagia, fya, fya, akasikia mtu anakohoa nje. Akatoka. Ni Nundu, amesimama mbali na ukingo, kichwa chini. Nyuma yake alikuwa Bibi Madoa, na ubavuni kwa Bibi Madoa kulikuwa na ndama aliyezaliwa alfajiri ile, miguu bado inagongana.

"Hodi, Bi Somoe."

"Karibu, Bwana Nundu."

"Fisi wanapita kilimani," akasema Nundu, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Huyu hawezi kukimbia. Nimezunguka bonde zima kutafuta nyasi za kumficha. Hakuna. Tulizimaliza sisi."

Somoe akamtazama ndama. Akamkumbuka mtoto wa Mama Mistari. Angeweza kusema mengi siku ile, na yote yangekuwa haki yake.

"Mlete," akasema. "Alale katikati, penye giza. Ila akanyage taratibu, nimeshafagia."

Ndama akaingia, nyasi zikamfunika, asionekane hata sikio. Fisi wakapita, wakanusanusa, wakaenda zao. Nundu alikaa nje mlangoni siku nzima, na safari hii alipoinuka alijikaza, akaenda kwanza mbali.

Tangu hapo ng'ombe wa bonde lile wakila, hubakiza upande mmoja.

Basi wajukuu, nendeni mkalale, na mkumbuke hili: ukila, bakiza, maana unachokiona wewe ni chakula tu, kuna mwenzio amejifunika nacho.