Kidole cha Nambike

"Muhuri haufuti kidole," alisema Bibi Namkunda, mzee aliyekuwa amekaa pembeni ya ofisi, akajifunga upya mtandio wake.

Vijana wa kikundi cha sabuni walitazamana. Asubuhi nzima walikuwa wamekaa katika ofisi ya kata wakimsikiliza afisa biashara akieleza mikopo ya serikali, alama ya ubora wa bidhaa na kima cha chini cha mshahara. Kuhusu mikopo waliandika kurasa mbili. Kuhusu alama ya ubora waliandika moja. Alipofika kwenye mishahara ya vibarua, kalamu zote zilikuwa zimechoka.

Mwenyekiti wao, Eliamini, alikuwa bado ameshika kipande cha sabuni alichokuja nacho ili afisa akione. "Bibi, methali hiyo umeitoa wapi? Shuleni hatukufundishwa."

"Shuleni mlifundishwa methali za kujibia mtihani," alisema bibi. "Hii ni ya kufanyia kazi. Kaeni chini. Ilianza hivi."

Zamani, milima hii ilipokuwa chini ya Mfumwa, mtawala wetu wa kale, watu wa tambarare walipanda huku kununua vyungu. Kabla ya kununua, mtu alikibishia hodi chungu. Alikigonga mara tatu kwa kifundo cha kidole, akainamisha sikio. Chungu kizima kililia mlio mmoja mrefu, na chenye ufa kilikwaruza kama koo lenye mafua. Na kila chungu kilikuwa na alama ya kidole gumba chini ya shingo, aliyoibonyeza mfinyanzi udongo ukiwa mbichi. Kwa alama hiyo mnunuzi alijua amsifu nani au amrudie nani, na mfinyanzi alijua amefinyanga vingapi.

Sasa ukaja wakati vyungu vibovu vikazidi sokoni. Mfumwa akaita wazee, wakatoa amri ya mambo matatu. Mtu atakayewakusanya wafinyanzi apewe kuni za msitu wa Mfumwa bure na asitozwe ushuru. Kila chungu kipimwe, na kilicho kizima kipigwe muhuri. Na kila mfinyanzi alipwe pishi moja ya mtama kwa kila chungu. Amri nzuri, hata leo mtu angeipigia makofi.

Kuni zilimwendea Mrutu, mfanyabiashara mwenye ulimi wa asali, naye akawakusanya wanawake tisa. Muhuri alipewa Sangiwa, naye akaapa kwamba atathibitisha chungu ni kizima na mfinyanzi amelipwa. Alikuwa mtu mzima asiyekula rushwa, aliyejipenda kidogo kwa kutokula rushwa. Muhuri wenyewe ulikuwa wa mti mgumu. Aliuchovya kwenye udongo mwekundu uliokorogwa na utomvu, akaubandika shingoni mwa chungu.

Sangiwa alipima vyungu kwa uangalifu kuliko mtu anayechagua mke. Lakini kulikuwa na jambo la tatu, lile la pishi, na hapo ndipo alipojikwaa. Kwetu mwanamume haingii uwanja wa wafinyanzi. Uwanja ulizungushiwa uzio wa masale, ile mimea ya heshima inayopandwa mipakani, na ilijulikana kwamba mwanamume akivuka masale, vyungu vyote vya siku hiyo hupasuka motoni. Basi kila mwezi Sangiwa alisimama nje ya uzio akauliza kwa sauti, "Wafinyanzi wamelipwa?" Na Mrutu, aliyesimama nje pamoja naye, alijibu, "Wamelipwa, ndugu yangu, mpaka wamekinai." Sangiwa aliitikia kwa kichwa, akaendelea na safari.

Mwezi mmoja Mrutu alimwambia, "Hizi alama za vidole zinawachanganya wanunuzi. Huyu anamtaka fulani, yule hamtaki fulani. Nimeagiza wazizibe kwa udongo kabla ya kuchoma. Muhuri wa Mfumwa unatosha. Au hautoshi?"

Sangiwa aliona fahari. Alisema unatosha, na tangu siku hiyo aliubandika muhuri palepale palipokuwa na kidole.

Masika yalipokwisha, mfinyanzi mmoja, Nambike, alifia kazini. Alikuwa na kikohozi, watu wakasema ni moshi. Gumba lake la kulia lilikuwa na mpasuko katikati, kwa sababu panga lilimkata zamani akichanja kuni, na alama yake kwenye udongo ilionekana kama punje ya kahawa. Sangiwa alimjua kwa alama hiyo tu, maana sura yake hakuwahi kuiona. Akazikwa. Binti yake, Naetwe, akakalia kigoda chake siku ya nne.

Miezi mitatu baadaye, siku ya gulio, ukungu ulishuka mchana kweupe mpaka watu wakawa wanatambuana kwa sauti. Mama mmoja wa tambarare alichukua chungu kipya chenye muhuri, akakibishia hodi mara tatu. Chungu kikalia mlio mzuri, mrefu. Mama akatabasamu, akafungua kibindo.

Ndipo chungu kikabisha hodi chenyewe. Mara tatu, taratibu, kutoka ndani.

Mama alikiweka chini kama anayelaza mtoto, akarudi nyuma bila kukigeuzia mgongo. Mtu wa pili aligonga kingine. Kimya. Kisha kikamgongea. Soko zima likanyamaza, hata mbuzi wakaacha kulia, na ndani ya ukungu ule ikasikika sauti ndogo kavu ikitoka huku na huku: ko, ko, ko.

"Ni baridi," Mrutu alisema akicheka peke yake. "Udongo unajinyoosha."

Sangiwa alipita chungu kwa chungu. Vilivyojibu vilikuwa ishirini na kitu, vyote vizima, havina ufa wala mchanga. Aliinama atazame muhuri wake. Katikati ya muhuri, ule udongo mwekundu ulikuwa umebonyea. Palikuwa pameingia alama ya gumba lenye mpasuko, kama punje ya kahawa. Aligusa, akaona ni mbichi. Vyungu hivyo vilichomwa juzi, na Nambike alikuwa kaburini tangu mwisho wa masika.

Alichukua kimoja akaenda nacho nyumbani, akakiweka uani, akakaa mbele yake. Jua lilikuwa bado liko juu ya ukungu, halionekani, linaangaza tu. Alitaka sana kuamini habari ya baridi. Alikigonga. Kikamjibu. Safari hii hakikunyamaza baada ya mara tatu, kikaendelea, ko, ko, ko, halafu kikapumzika, halafu ko, ko, na Sangiwa akautambua mdundo ule. Mama yake mzazi alikuwa mfinyanzi. Ulikuwa mdundo wa kibao kidogo cha mti, kile wanachopigia ubavu wa chungu kibichi ili ukaze.

Nambike hakuwa anabisha hodi. Alikuwa bado yuko kazini.

Sangiwa aliogopa, na sitawadanganya kwamba hakuogopa. Lakini lililomtia hofu zaidi lilikuwa wazo lililomjia pale uani: mtu aliyekwisha kulipwa huenda kupumzika, basi huyu anangoja nini? Na binti yake anakalia kigoda kilekile.

Akainuka, akaenda mpaka kwenye uzio. Mrutu alimkuta hapo. "Wamelipwa," alisema kabla hajaulizwa.

"Leo sikuulizi wewe," alisema Sangiwa. "Nakuomba usogee pale kwenye njia." Kisha akapaza sauti. "Naetwe, binti Nambike! Mimi siwezi kuvuka masale. Lakini masale hayakukatazi wewe kutoka."

Masale yakaachana, akatoka msichana aliyekonda mpaka mifupa ya mabega ilionekana kupitia kaniki. Alikohoa kwanza, ndipo akaamkia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Unalipwa kiasi gani kwa chungu?"

Naetwe alitazama kule njiani alikosimama Mrutu. "Nusu pishi, baba. Tangu vidole vizibwe. Anasema hatujui nani kafinyanga vingapi, kwa hiyo anakadiria. Na kikipasuka kimoja tunakatwa sote. Mama alikuwa akiniachia mimi chakula, yeye anakunywa maji ya moto."

"Mbona hamkusema?"

"Tumsemee nani?"

"Mimi nakuja kila mwezi! Nauliza!"

"Unauliza, baba. Nakusikia." Alisema bila hasira, na hilo ndilo lililomchoma Sangiwa. "Ulipouliza 'wafinyanzi wamelipwa?', mama alikuwa akijibu kutoka humo ndani. Alisema 'bado'. Kila mwezi alisema 'bado'. Lakini kifua chake hakikuwa na sauti, na wewe ulikuwa umemgeukia huyu mwenye sauti."

Nyuma ya masale, ndani ya uwanja, kibao kilikuwa kikigonga udongo. Sangiwa akauliza nani anafanya kazi.

"Hakuna," alisema Naetwe. "Wenzangu wote wamekwenda kuteka maji. Kinagonga hivyo tangu tulipomzika. Tumezoea."

Siku iliyofuata walisimama mbele ya Mfumwa, Sangiwa, Mrutu na Naetwe, na chungu kimoja katikati. Sangiwa alivua kamba ya muhuri shingoni akauweka chini. "Huu umesema uongo," alisema. "Na aliyeutia uongo mdomoni ni mimi. Niliapa kwamba chungu ni kizima na mfinyanzi amelipwa. La kwanza nililihakikisha kwa mkono wangu. La pili niliambiwa."

Mrutu hakuwa mjinga. "Mtukufu, chungu kinavuja? Hakivuji. Kinapika? Kinapika. Muhuri ni wa chungu, si wa tumbo la mfinyanzi. Na kama ni hiyo alama inayowatisha watu, basi apake rangi nzito zaidi."

Mfumwa alifikiri. "Paka," alimwambia Sangiwa.

Sangiwa alizibua kiriba cha udongo mwekundu, akapaka unene wa kidole kizima, akasawazisha, akabandika muhuri kwa nguvu zake zote. Ulitoka muhuri safi kuliko wote aliowahi kupiga. Wakangoja ukauke kwenye upepo. Mrutu alianza kutabasamu.

Udongo ukabonyea. Watu waliona kwa macho yao, hapakuwa na mkono karibu. Ulibonyea polepole, kama mtu anavyokandamiza kwa subira, mpaka ukaonekana ukingo wa kucha, na mpasuko katikati. Naetwe akaanguka magotini. "Mama," alisema, "inatosha, wamekuona."

"Muhuri haufuti kidole," alisema Mfumwa. "Mrutu, nilikupa kuni zangu ili watu hawa washibe. Leta mtama."

Mtama uliletwa. Mfumwa aliagiza haki ya Nambike imiminwe ndani ya chungu chake mwenyewe, kikijaa kimwagwe kwenye kikapu cha binti yake, kijazwe tena. Na aliyebeba na kumimina alikuwa Sangiwa, kwa kichwa na mikono yake. Kila pishi iliyoingia, kile kibao ndani kiligonga hafifu zaidi, kama mtu anayeanza kuchoka vizuri. Ilipoingia pishi ya mwisho kiligonga mara moja tu. Watu walingoja mara ya pili. Haikuja.

Wanane wengine nao walilipwa, mpaka ghala la Mrutu likabaki na panya tu. Kuni walipewa wanawake wenyewe. Muhuri akapewa bibi mmoja aliyekwisha kuacha ufinyanzi, kwa kuwa yeye aliweza kuvuka masale na kumuuliza kila mtu usoni kwake, na amri ikaongezwa kwamba muhuri ubandikwe kando ya kidole, kamwe usiwe juu yake. Naetwe alikohoa miezi miwili, kisha akanenepa. Alizeeka. Mimi ni mjukuu wa mjukuu wake.

Sangiwa alibaki na chungu kile. Wanasema kila mwanzo wa mwezi alikigonga mara tatu, akainamisha sikio, akauliza kwa adabu, "Umelipwa?" Hakikumjibu tena. Lakini hakuacha kuuliza mpaka alipokufa.

Hapo Bibi Namkunda alimaliza. Nje ya ofisi ya kata pikipiki ilipita, na vijana wakashtuka wote kwa pamoja, kisha wakaona haya.

"Bibi," alisema Eliamini, "mbona umetuambia sisi? Sisi ni kikundi. Tunagawana."

"Mnagawana nyinyi mliokaa hapa. Wale wasichana wawili wanaokoroga sabuni pale nyumbani kwenu hawakuja leo. Mnawalipa nini?"

"Tuna... tunawapa sabuni. Kwa sasa. Tukishapata alama ya ubora, ndipo..."

Hakumaliza. Alikuwa amekigeuza kile kipande mkononi bila kufikiri. Upande wa juu kulikuwa na jina la kikundi, limepigwa vizuri kwa kibati. Upande wa chini, mahali ambapo mtu alikibana kukitoa kwenye kikasha kikiwa bado laini, kulikuwa na alama ya kidole gumba, chembamba, cha mtu mdogo.

Eliamini alipitisha kidole chake juu yake mara moja, mara mbili, akisugua. Ilibaki palepale. Akafungua daftari kwenye ule ukurasa aliouacha mtupu.

"Bibi," alisema, "yule afisa bado hajaondoka? Nataka arudie ile sehemu ya mwisho."

"Amekaa pale nje, anakunywa chai," alisema Bibi Namkunda. "Nenda. Muhuri haufuti kidole."