Heriel Anaona Dirisha

Mkunja samaki hukunja goti kwanza.

"Hiyo umeigeuza, Bibi," Mbonea alisema huku akicheka. "Wenyewe husema samaki mkunje angali mbichi."

Bibi Nanzia hakuinua macho kutoka kwenye ungo. Alikuwa akichagua maharage ya makande pamoja na wanachuo wawili wa ualimu waliopanga chumba kwake, Mbonea na Tulizo. Kesho yake wangeanza mazoezi ya kufundisha darasa la awali, darasa ambalo yeye mwenyewe alilifundisha hadi akastaafu.

"Wenyewe ndio akina nani?" alisema. "Ile yenu inamsema samaki tu. Hii inamsema mkunjaji, ndiyo maana haiwafurahishi."

"Basi ilitoka wapi?" Tulizo aliuliza.

"Niliiona ikizaliwa. Nyie toeni mawe kwenye maharage, nami niwape habari zake."

Palikuwa na mwanachuo aliyeitwa Nakijwa, aliyekuja kufanya mazoezi katika darasa la Bibi Nanzia. Alikuja na bango lake. Chuoni bango hilo lilisifiwa mno: herufi na picha zilizochorwa kwa mkono wenye subira, kuku akiwa na kila unyoya wake. Siku ya kwanza Nakijwa alilipitisha mikononi mwa watoto, wakalishika na kutaja kila picha kwa shangwe. Kisha, ili vumbi lisiliharibu, alilivika nailoni ngumu inayong'aa kama kioo, akalitundika ukutani usawa wa macho yake. Akarudi nyuma, akalitazama, akaridhika.

Siku hiyo ya kwanza Heriel hakuwepo. Alikuwa nyumbani anaumwa surua. Aliporudi, mtoto wa miaka mitano mwenye masikio makubwa na kaptura iliyofungwa kwa kamba ya mkonge, aliketi jamvini pamoja na wenzake.

"Heriel, unaona nini hapa?" Nakijwa alimwuliza, fimbo yake ikigusa kuku.

"Dirisha."

Darasa likaangua kicheko. Kesho yake fimbo iligusa ng'ombe, Heriel akasema dirisha. Ikagusa embe. Dirisha.

Kwanza Nakijwa alidhani ni utundu. Baadaye akadhani ni uzito wa kichwa, akaanza kumwita hivyo, "mzito wangu", tena mbele ya wenzake. Chuoni walikuwa wamezoea kufundishana wao kwa wao, watu wazima wakijifanya watoto, na katika watoto wale wenye ndevu hakuna aliyewahi kujibu dirisha. Hakuwa na dawa ya jibu kama hilo.

Mwishowe alimwita mama yake Heriel. "Mama Heriel, mtoto bado hajakomaa. Mrudishe nyumbani, mwakani ataelewa."

Mama yule alifunga na kufungua pindo la kanga yake. "Haya, mwalimu. Nyie ndio mnaojua."

Wakakubaliana Ijumaa iwe siku yake ya mwisho. Heriel mwenyewe hakuambiwa. Aliendelea kufika kabla ya wote, akilikunjua jamvi na kulipiga vumbi kwa viganja.

Ijumaa hiyo ndipo mkufunzi wa chuo, Bwana Mfinanga, alipokuja kumpima Nakijwa. Alilitazama jamvi la watoto kama kitu kilichomtukana, akachagua kusimama nyuma. Somo likaenda kama maji. Fimbo ikigusa kuku, watoto wanaitikia "Kuku!" na makofi juu. Mkufunzi akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

"Mwalimu," akasema, "yule mwenye mkono juu mbona humpi nafasi?"

Ni Heriel, mkono ameunyoosha hadi bega linataka kung'oka. Nakijwa akakosa pa kujificha.

"Haya, Heriel. Unaona nini?"

"Dirisha," Heriel akasema. Kisha, kwa kuwa alitamani sana kumpendeza mwalimu wake, akaongeza, "Na leo kuna kunguru."

Watoto wakavunjika mbavu. Nakijwa akamwendea, uso umemwiva kwa aibu. "Kunguru yuko wapi, Heriel?"

"Si yule pale! Kwenye bango."

Nakijwa akapiga magoti jamvini ili amkanye kwa sauti ya chini, shavu kwa shavu, mkufunzi asisikie. Kisha akafuata kidole cha mtoto.

Bango lilikuwa jeupe. Nailoni ilikuwa imelinasa, kama kioo, dirisha la juu la ukuta wa nyuma, na nondo zake zote, na kunguru aliyetua kizingitini. Kuku hakuwepo. Hata unyoya wake haukuwepo.

Aliinuka, akamwona kuku. Akapiga magoti tena, kuku akatoweka.

"Na nyie wengine," akauliza taratibu, "mnaona nini?"

Binti mmoja akasema, "Dirisha, mwalimu. Kuku alikuwepo siku ile ulipotupa tushike."

"Sasa mbona kila siku mnasema kuku?"

"Si ukisema kuku unapigiwa makofi?"

Nakijwa akabaki pale pale chini. Akaishika mikono ya Heriel.

"Nisamehe, mwanangu. Ulikuwa unasema kweli siku zote, nami nikakuita mzito."

Heriel akafikiri kidogo. "Haya," akasema. "Sasa kuku yuko wapi?"

Nakijwa akalitungua bango, akaichana nailoni, akalilaza jamvini. Watoto wakalizingira kwa magoti na viwiko, mwalimu wao katikati, mgongo wake kwa mkufunzi. Heriel akampapasa kuku kwa kidole.

"Kumbe ana miguu!"

Watoto walipotoka kunywa uji, Bwana Mfinanga alimsogelea Nakijwa.

"Umeacha andalio lako la somo. Umenipa mgongo. Umetambaa sakafuni, zana yako mwenyewe umeichana. Samaki mkunje angali mbichi, binti. Hatukukuleta huku ukunjwe na samaki! Niombe radhi, kisha tutazame la kufanya kuhusu alama zako."

"Si aombe tu, Bibi?" Mbonea alidakia, ungo ameusahau mapajani. "Neno moja tu, apone."

"Alijua bei ya kutoomba," Bibi Nanzia alisema. "Mazoezi aliyarudia mwaka uliofuata, na wakati huo Heriel yuko darasa la kwanza, anawasomea wenzake. Lakini nilikuwa nimeketi pale pembeni, nikamwona. Kwanza alimtazama mama Heriel, aliyekuwa amefika mlangoni na kanga ya kumbebea mwanawe. Akamwambia, 'Mama, nenda salama. Mtoto anabaki.' Ndipo akamgeukia mkufunzi, vumbi bado liko magotini, wala halipangusi."

"Akasemaje?"

"Akasema: 'Mkunja samaki hukunja goti kwanza, Mwalimu. Radhi nimeshamwomba mwenye nayo, naye amenipa. Kwako siombi.'"