Swali la Tatu la Mize

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa mji.

Mji gani?

Mji wa nyumba mbili, moja ya kuinama, moja ya kusimama.

Haya, sogeeni. Wewe wa nyuma, acha kumfinya mwenzio. Hadithi hii sijawahi kuimaliza na macho makavu, kwa hiyo mkiniona napangusa uso msiniulize nina nini.

Hapo kale palikuwa na mji ukiitwa Ngeleza. Mji huo ulikuwa na nyumba mbili kubwa. Ya kwanza ilikuwa nyumba ya sala. Mlango wake ulikuwa mfupi, unafika kiunoni mwa mtu mzima. Hata jumbe, na kilemba chake, akiingia humo aliinama.

Ya pili ilikuwa baraza ya mji. Hiyo haikuwa na mlango wala kuta. Lilikuwa paa la makuti juu ya nguzo nane. Humo watu waliingia wima.

Nyumba ya sala ilitunzwa na Mzee Ngwali. Nawaambieni mapema, msije mkamchukia bure: alikuwa mtu mwema. Mtu akiugua, alimwombea. Mtu akifiwa, alikwenda kulia naye. Ukimwuliza jambo asilolijua, alisema, "Sijui, mwanangu. Tumwombe Mungu." Akaomba kweli.

Barazani alikaa jumbe. Na ubavuni mwa jumbe, juu ya kigoda, alikaa mwanamke jina lake Mize. Kazi ya Mize ilikuwa kuuliza. Aliirithi kwa mama yake, na mama yake aliirithi kwa bibi yake. Pale Ngeleza amri haikuwa amri mpaka Mize aulize mara tatu, ajibiwe mara tatu, watu wote wasikie.

Nani kasema?

Kwa nini?

Na tukikosea, tutarudi kwa njia gani?

Siku nyingine jumbe alichoka naye. "Mize, hiki ni kisima tu tunataka kuchimba. Nacho turudi kwa njia gani?"

"Tutakifukia, bwana jumbe. Ila nilitaka watu wakusikie ukisema."

Watu wakacheka, jumbe naye akacheka, kisima kikachimbwa.

Sasa, msituni palikuwa na zimwi. Kinywa kimoja mbele, kinywa kingine kisogoni, na hicho cha kisogoni ndicho cha kulia watu. Lilitamani kuingia Ngeleza kama nyie mnavyotamani sukari guru. Likaja kama mchuuzi wa vitambaa, likafika barazani, likaulizwa mara tatu. Likaja kama fundi wa ngoma, likaulizwa mara tatu. Likaja kama bwana harusi, limejipaka mafuta, likaulizwa mara tatu. Kila lilipofika swali la tatu, ulimi ulikwama, kile kinywa cha kisogoni kikafunguka chenyewe, watu wakaona meno. Likakimbia.

Basi likabaki kunyakua watu wa njiani tu. Lilimnyakua mchunga mbuzi. Lilimnyakua mwanamke mtoni. Lilimnyakua msafiri. Mjini halikuweza.

Mize alikuwa na mtoto mmoja tu, Kidawa, wa miaka saba. Baba yake Kidawa, kabla hajafariki, alimchongea kigoda kidogo mfano wa kile cha mama yake. Mtoto alikikalia pale uani, akimsumbua mama yake.

"Mama, nani kasema nikaoge?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Unanuka samaki."

"Na tukikosea, nitarudi kunuka kwa njia gani?"

Mize alikuwa akicheka mpaka anakaa chini. Alimpenda mtoto yule kupita kiasi. Hakuwa na mwingine.

Siku moja ndui iliingia Ngeleza. Ikaua wazee, ikaua vijana, ikamwua jumbe, naye hakuacha mrithi. Kidawa naye akaugua, akalala. Mzee Ngwali akaja akapiga magoti kando ya mkeka wa mtoto. Siku ya kwanza mzee hakula. Siku ya pili hakula. Siku ya tatu Kidawa akafumbua macho akataka uji.

Wiki ile ile ndui ikaondoka mjini.

Basi watu wakakutana barazani. Wakasema, "Jumbe amekufa. Dua ya Mzee Ngwali imetuponya. Ashike nyumba zote mbili, atuombee na atutawale."

Mzee Ngwali akasema, "Jamani, mimi najua kuomba. Kuamuru sijui." Wakamsihi mara ya kwanza, akakataa. Wakamsihi mara ya pili, akakataa. Wakamsihi mara ya tatu wakilia, akanyamaza.

Mize akasimama kufanya kazi yake. "Nani kasema?"

"Sisi sote," wakajibu.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu dua yake inasikilizwa."

Likabaki swali la tatu. Mize akafumbua mdomo. Hapo Kidawa alikuwa amekaa mbele yake, mwembamba, ana makovu usoni, lakini yuko hai. Mize akamwangalia mwanawe, akamwangalia yule mzee aliyekaa siku tatu bila kula. Akaona aibu. Mtu amekurudishia mtoto, nawe utamwuliza akikosea itakuwaje?

Akafumba mdomo, akakaa.

Ni siku hiyo. Mkisikia mtu anasema mambo ya Ngeleza yaliharibika siku nyingine, mwambieni bibi anasema ni siku hiyo.

Haukupita mwezi, watu wakasema haifai mtu wa Mungu atawale mahali pasipo heshima. Wakaizungushia baraza kuta. Wakaweka mlango mfupi kama ule wa nyumba ya sala. Watu wakawa wanaingia barazani wameinama.

Ikatoka amri ya kwanza, na Mize akataka kuuliza. Walinzi wa mlangoni wakamwambia kwa upole, "Dada Mize, amri hii imetoka katika sala. Sala haiulizwi." Wakachukua kigoda chake wakampelekea nyumbani.

Zimwi likasikia huko msituni. Likasikia kwamba Ngeleza sasa hakuulizwi. Likaingia mjini alfajiri, watu wamesujudu, likajificha juu ya dari ya nyumba ya sala. Likamngoja Mzee Ngwali abaki peke yake, likasema kwa sauti tamu:

"Ngwali, mtumishi wangu. Nimekusikia."

Maskini mzee wa watu. Miaka arobaini alikuwa ameomba bila kujibiwa hata neno moja, na hakunung'unika. Lakini sasa mji mzima ulikuwa unamngoja aamue, na yeye hakujua la kuamua. Aliposikia sauti, alilia kwa furaha.

Sauti ikasema, "Leteni mbuzi." Watu wakaleta mbuzi.

Sauti ikasema, "Leteni mtama wote wa mwaka." Watu wakaleta mtama, wakalala na njaa.

Sauti ikasema, "Nileteeni Kidawa, binti Mize, aje kunitumikia."

Zimwi halikumtaja Kidawa hivi hivi. Lilijua kwamba Mize akishatoa, hakuna mwingine atakayeuliza tena.

Mize alikwenda mbio kwa Mzee Ngwali, akaingia kwa magoti kwenye ule mlango mfupi wa baraza.

"Babu, naomba kuuliza."

"Mize, usiulize, binti yangu."

"Babu, ulikaa siku tatu kwa mkeka wa mtoto huyu. Una hakika ni Mungu anayemtaka?"

Mzee akasema, "Zamani, nilipokuwa mwombaji tu, ningekwambia sijui. Sasa mimi ndiye mji. Nikisema sijui leo, kesho watu watasema na mbuzi je? Na mtama je? Na yale yote waliyoyatii?" Akajifunika uso. "Siwezi tena kusema sijui, Mize."

Wakalia wote wawili. Lakini amri ilikuwa imekwisha kutoka.

Kesho yake mchana Mize akamwogesha Kidawa, akampaka mafuta, akamfunga kanga mpya. Watu wote walikuwa nje ya nyumba ya sala wanaimba. Mize alimpeleka kwa mkono wake mwenyewe. Hakuburutwa, wala hakupigwa. Alijisemea moyoni kwamba Mungu aliyemponya mtoto hawezi kumdhuru, na alijisemea hivyo njia nzima.

Walipofika mlangoni Kidawa akashika kiuno, kama afanyavyo uani kwao.

"Mama, nani kasema niingie?"

"Mungu, mwanangu."

"Kwa nini?"

"Ukamtumikie."

"Na tukikosea, nitarudi kwa njia gani?"

Watu walikuwa wanamtazama Mize. Akamsukuma mtoto mgongoni, taratibu, kwa kiganja, na Kidawa akaingia. Yeye hakuhitaji kuinama, alikuwa mfupi, aliingia wima.

Mlango ukafungwa. Kitambo kidogo sauti ya Kidawa ikasikika ndani ikiimba:

*Mama, mama, uliza,*
*humu ndani pana giza,*
*mama, njoo uulize.*

Mize akainuka. Watu wakamwambia, "Kaa, usimwudhi Mungu." Akakaa.

Wimbo ukaja mara ya pili, sasa kwa chini:

*Mama, mama, uliza,*
*humu ndani pana giza.*

Mize akainuka. Wakamshika mabega. "Kaa, usituletee laana." Akakaa.

Wimbo ukaja mara ya tatu, mdogo sana:

*Mama, mama.*

Kisha kimya.

Mize akainuka, na safari hii hakuna aliyethubutu kumshika. Akachukua mchi uliokuwa kwenye kinu cha jirani, akaupiga ule mlango mfupi mpaka kizingiti cha juu kikaanguka. Mwanga wa mchana ukaingia wote. Zimwi likaonekana dhahiri, tumbo limejaa, bado linalamba kinywa cha kisogoni.

"Nani kasema?" Mize akauliza.

"Mungu," zimwi likajibu, na ngozi yake ikapasuka mgongoni.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nilisema ni Mungu, mkaniamini." Likaanguka magoti.

"Mwanangu atarudi kwa njia gani?"

Zimwi likalala chini, likawa linakata roho. Likasema, "Kateni kidole changu cha mwisho. Watatoka."

Likaletwa panga, kidole kikakatwa. Akatoka mchunga mbuzi, mama yake akamkumbatia. Akatoka yule mwanamke wa mtoni, na mtungi wake kichwani, mumewe akamkumbatia. Akatoka msafiri, akauliza hapa ni wapi. Watu wakapiga vigelegele.

Mize alikuwa amepiga magoti mbele ya kile kidole, mikono ameinyoosha. Akangoja. Hakutoka mtu. Ikatoka kanga mpya, imekunjwa.

"Na Kidawa?" akasema. "Na Kidawa wangu?"

Zimwi likafumbua jicho moja. "Hao niliwanyakua. Ninachonyakua hurudi. Nilichopewa na mama yake mwenyewe hakirudi." Likafa.

Ngojeni kidogo nipanguse uso.

Basi watu wa Ngeleza wakabomoa kuta za baraza siku ile ile, kwa mikono. Mzee Ngwali akaja pale, kilemba hana. Akasimama mbele ya watu. Mize akamwuliza:

"Babu, tutarudi kwa njia gani?"

Akasema, "Sijui."

Ilikuwa mara ya kwanza kulisema neno hilo tangu atawale. Kisha akarudi kwenye nyumba ya sala, akakijenga upya kizingiti kwa mikono yake, kifupi kama zamani, na barazani hakukaa tena mpaka alipokufa. Wakachagua jumbe mwingine, mkulima tu, mtu wa kukosea na kuambiwa.

Na Mize je? Najua mnataka kuniuliza kama aliacha kusali. Hakuacha. Kila alfajiri aliinama akapita kwenye ule mlango, akasali nyuma ya Mzee Ngwali. Dua ya mzee ilikuwa ya kweli, siku ya ndui na siku zote. Lakini mwanamke yule hakumwambia mzee neno jingine ila "amina".

Kisha alitoka akaenda barazani, wima, akakaa kwenye kigoda chake. Kando yake aliweka kile kigoda kidogo. Likija jambo, hata liwe la kisima, alianza na swali la tatu. Akishauliza alikitazama kigoda kidogo, akangoja kitambo, kama mtu anayesubiri mtoto acheke. Watu walingoja naye. Hakuna aliyemharakisha.

Hadithi yangu imeishia hapo, na kilio changu nacho kiishie hapo. Mkumbuke hili tu: penye sala inameni, kwa sababu hapo mnasema na Mungu. Penye amri simameni, kwa sababu hapo mnasema na watu, na mtu hata awe mwema namna gani hukosea. Anayewataka muiname mahali pa kusimama, mwulizeni mapema. Msingoje mpaka mtoto aulize mlangoni.

Haya, inukeni mkaoge. Na mkitaka kuniuliza nani kasema, ni mimi.