Kwa Nini Vigoda vya Watemi Hukaa Kivukoni

Kulikuwa na wakati, wanangu, ambapo hakuna mtu aliyekaa mbali na vita kama mtemi. Mtemi Lubasha wa Ng'wande alikuwa na ikulu yake juu ya kilima cha machweo, Mtemi Igoro wa Busule juu ya kilima cha macheo, na mto Kisuke ukapita katikati. Mishale ilirushwa bondeni, huko walikolima watu.

Vita vile havikuwa na mwisho, ila vilikuwa na mapumziko. Ngoma ya amani ililia, dume la ng'ombe likachinjwa, watemi wakakumbatiana na kuapa kwa mizimu ya babu zao. Nyama ikiwa bado iko kwenye meno, mishale ikaanza tena. Lubasha akasema, "Igoro ameanza." Igoro akasema, "Lubasha ameanza." Watu wakapeleka mtama na mbuzi ikulu, maana vita vina tumbo. Aliyethubutu kuuliza mtama ule uliishia wapi aliambiwa, "Adui yuko mlangoni, nawe unauliza habari za ghala?" Akanyamaza, kwa sababu adui kweli alikuwa mlangoni.

Bondeni upande wa Ng'wande aliishi Nyanzobe, mpika pombe. Mumewe alifia vitani. Mwanawe Maduhu hakufia vitani. Alifia kwenye amani. Mtemi alikuwa ametangaza kwamba mto sasa ni salama, kijana akashuka kutega samaki, akarudishwa nyumbani juu ya ngozi ya ng'ombe, mshale ungali kifuani. Nyanzobe alimzika akiwa na macho makavu. Machozi yalikuja baadaye, siku alipopepeta mtama na kukuta anapepeta wa watu wawili.

Msimu uliofuata ngoma ya amani ikalia tena, na Nyanzobe akaitwa ikulu kwa Lubasha kupika pombe ya karamu. Igoro alikuja na walinzi wake, kigoda chake kikiwa kimebebwa mbele. Nyanzobe ndiye aliyewamiminia watemi, nao hawakumwona, kama mtu asivyouona mkono unaomshikia kibuyu.

"Ndugu yangu," Lubasha alisema, akijifuta povu mdomoni, "watu wangu wameanza kuuliza habari za ghala. Niazime vita kidogo, hadi mavuno yapite."

Igoro akacheka. "Chukua. Lakini masika nitakuja kuazima kwako."

Nyanzobe hakuangusha kibuyu. Alimimina hadi juu, akapiga magoti kama desturi, akatoka. Kisha akashuka bondeni moja kwa moja hadi mtoni.

Ng'ambo alimkuta Ng'washi, mjane wa Busule. Walikuwa wamechota maji wakitazamana miaka mingi bila kuamkiana. Nyanzobe aliingia majini hadi kiunoni, akamweleza yote aliyoyasikia.

"Watu wako walimuua mume wangu," Ng'washi alisema.

"Na watu wako walimuua wangu, kisha mwanangu. Lakini waliotutuma kuuana wanakunywa kibuyu kimoja, dada. Nimewamiminia mimi mwenyewe."

Mtungi ulikuwa ukimlemea Ng'washi. Mwishowe akauweka chini. "Unataka nini?"

"Waite wanawake wa kwenu. Amani ya safari hii bado inapumua. Mvuke, tupande ikulu kabla hawajaiua."

Karamu ilikuwa ingali ikiendelea walipopanda kilima, jua likiwa utosini. Wanawake wa Ng'wande na wa Busule walikwenda wamechanganyika, wengine na watoto mgongoni, hakuna aliyebeba hata fimbo. Mlinzi mmoja akampiga Nyanzobe begani kwa mpini wa mkuki, akaanguka. Akainuka, akaendelea kutembea. Mlinzi akainua mpini tena, ndipo mama yake mzazi akatoka katikati ya kundi, akasimama mbele yake. "Nianzie mimi," alisema. Kijana akautazama mkuki wake kama kitu asichokijua, akauchomeka ardhini. Wenzake wakafanya vivyo hivyo.

Wanawake waliingia ukumbini, wakavichukua vigoda viwili. Mtemi bila kigoda hawezi kuamuru hata mbwa, na mahali kigoda kilipo ndipo penye utemi. Basi Lubasha na Igoro wakavifuata wakipiga kelele, kilima chote, hadi chini. Wanawake waliviweka kwenye mchanga wa kivukoni, vikitazamana.

"Hapa ndipo mtakapotawala," Nyanzobe alisema.

"Mwanamke, una wazimu?" Lubasha alipaza sauti. "Hapa mishale inafika!"

"Tunajua, Mtemi," alijibu. "Inafika."

Wapiga upinde wa Busule waliojificha vichakani ng'ambo, wakingoja vita vilivyokwisha kuazimwa, waliona vumbi na umati. Mmoja akaachia. Mshale ukachoma mchanga karibu na mguu wa mtemi wake mwenyewe.

"Acheni!" Igoro alipiga ukelele. Na Lubasha, akijikinga kichwa kwa mikono, naye akalia, "Acheni!" Haikuwahi kutokea amri ile itoke katika vinywa vyote viwili kwa pumzi moja. Pinde zikashuka. Watu wakasikia maji yakipita juu ya mawe.

Kisha mzee mmoja wa Ng'wande akasogea karibu na kigoda cha Lubasha, akakohoa. "Sasa, Mtemi," alisema, "ule mtama." Na kwa kuwa hakukuwa na adui mlangoni, alijibiwa. Maghala yalifunguliwa pande zote mbili.

Bega la Nyanzobe halikupona sawasawa, wala Maduhu hakurudi. Alijenga kibanda pale kivukoni, akalinda vigoda hadi alipozeeka, na alipokufa Ng'washi akashika zamu.

Na tangu siku hiyo, mtemi wa Ng'wande na mtemi wa Busule husimikwa mchangani, ana kwa ana, na hakuna ukuta nyuma ya mgongo wa yeyote. Mwaka juzi mtemi mpya aliuliza kwa upole kama kigoda chake kingeweza kusogezwa nyuma kidogo, kwa ajili ya jua. Wanawake walikwenda kukata nyasi, wakamwezekea kivuli kizuri sana. Kigoda hakikusogea.