Saa Tatu ya Kwetu

Tangu nisimame hapa nimeona watu wanne wakichungulia saa. Wa tano ni mzee wa kanisa, huyo simtaji. Haya, kwa kuwa macho yenu yako mkononi, na sisi tuanzie huko huko mkononi, labda mtanisikiliza.

Palikuwa na baba mmoja, kazi yake udereva. Alimwendesha mwenye shamba la mkonge miaka ishirini na saba, na siku yule tajiri alipofunga virago kurudi kwao, alivua saa yake mwenyewe akamfunga dereva mkononi. Ilikuwa saa ya fahari, ya kampuni yenye jina kubwa, lakini ukiitazama huoni majivuno. Uso wa rangi ya maziwa, mishale miwili myembamba, mkanda wa ngozi, basi. Hata tarehe haikuwa nayo. Dereva akashukuru, akavuta kile kifungo cha pembeni, akazungusha mishale mpaka saa ikasoma vile tunavyosema wenyewe. Jua likichomoza, mshale uko kwenye kumi na mbili. Watoto wakitoka mapumziko saa nne, mshale uko kwenye nne. Tajiri akaona, akasikitika.

"Umeiharibu," akasema.

"Hapana, bwana," dereva akajibu. "Nimeifundisha Kiswahili."

Miaka ikapita. Mwanawe wa kiume akapata kazi mjini, kwenye shirika la ndege. Asubuhi ya kuondoka baba akaivua ile saa, akamfunga mwanawe, akamwambia, "Usiibadili, mwanangu. Ukiitazama ujue kwetu ni saa ngapi." Kijana akaitikia kwa moyo mweupe. Wiki ya kwanza kazini wenzake wakamcheka. Ofisi nzima ukutani inasema kumi na tano, yeye mkono wake unasema tisa. Wakamuuliza kama saa yake imekufa. Akaona haya, akaenda chooni, akageuza mishale. Kitu kidogo tu, si ndiyo? Nani kati yetu alianza kupotea kwa kitu kikubwa?

Sasa ile kampuni ya saa haikulala. Ikatoa nyingine ya jina lile lile, hii ina kidirisha cha tarehe. Kijana akaiona kwenye kioo cha duka, roho ikamruka. Ya kwake aliyoipenda jana ikaonekana ya kizee. Muuza duka akamwambia ile ya zamani wanaichukua, anaongeza kidogo tu. Akaivua ya baba yake, akaiweka mezani, akatoka na mpya. Alitembea barabarani amekunja mkono wa shati.

Furaha ikadumu miezi miwili. Ikatoka yenye kioo kilichotuna juu ya tarehe, ili isomeke kwa mbali. Akaibadili. Ikatoka yenye mkanda wa chuma. Akaibadili. Ikatoka yenye pete inayozunguka pembeni, ya wazamiaji wa baharini kuhesabia dakika zao chini ya maji. Jamaa hajui kuogelea, lakini akaibadili. Kisha uso ukaongezwa upana, akasema alikuwaje miaka yote na saa ndogo kama ya mtoto. Akiwa na hii, moyo uko kwenye ile ijayo. Anakula, anaangalia picha za ijayo kwenye simu. Amekaa kanisani, Mungu amrehemu, anaangalia picha za ijayo.

Dada wa dukani alimhurumia siku moja. Akamwambia, "Kaka, mashine ya ndani ni ya ukoo ule ule. Wanabadilisha uso."

Akamjibu, "Uso ndio ninaoutazama."

Na kila akienda nyumbani Krismasi, baba alikuwa na swali moja. "Mwanangu, saa yangu iko wapi?"

"Iko kwa fundi, baba."

Mwaka wa kwanza iko kwa fundi. Mwaka wa tano iko kwa fundi. Mwaka wa tisa, iko kwa fundi. Fundi gani huyo, wapendwa? Mzee alikuwa akitikisa kichwa na kusema, "Fundi wako ana subira." Kijana anacheka, lakini kicheko hakishuki tumboni. Ule uongo ulimkera kama jiwe kwenye kiatu. Aliapa atamwambia baba ukweli, amwombe radhi. Aliapa kila Krismasi.

Baba akaugua. Wakamleta hospitali mjini, madaktari wakasema lazima apasuliwe, na moyo wake ni mchovu. Yule kijana, sasa bwana mzima, alikuwa na dada aliyekuwa akimuuguza mzee; huyo akamwandikia kaka yake ujumbe kwenye simu: "Baba anaingia upasuaji kesho saa 3. Anataka kukuona kabla. Usichelewe."

Akausoma. Siku hiyo hiyo dukani walimwambia saa mpya imefika, moja tu, aje kesho asubuhi aichukue. Akatazama mkono wake. Akaitafuta tatu. Kwenye saa yake tatu ilikuwa huko alasiri, baada ya chakula cha mchana. Akajisemea: asubuhi napita dukani, nafunga saa, saa nane mchana niko hospitali, na safari hii namwambia mzee kila kitu.

Mtaniuliza, alisahau Kiswahili? Hakusahau. Angemwagiza fundi bomba aje saa tatu, angemtegemea baada ya chai. Lakini moyo ukitaka kitu hujisomea wenyewe, na huo una miwani yake.

Asubuhi akawa dukani. Simu aliinyamazisha asisumbuliwe. Ikatolewa ile saa, kweli ilikuwa nzuri, sitadanganya madhabahuni. Na hii ilikuwa na jambo jipya: mshale wa ziada, mwekundu, wa kukuonyesha saa za nchi nyingine. Dada wa dukani akapunguza pingili za mkanda, akamfunga, kisha akauliza mshale mwekundu auweke wapi.

"Popote," akasema.

Dada akatabasamu. "Wateja wengine huurudisha nyuma kwa saa sita. Basi unawasomea saa za Kiswahili." Akazungusha kifungo. "Tazama. Mshale mkubwa unasema kumi. Huu mwekundu unasema nne."

Yule bwana akatazama. Nne. Ile ile kazi aliyoifanya baba yake kwa kidole gumba, miaka ile, bila kwenda duka lolote. Akautazama tena mshale mwekundu, akaona umekwisha kuipita tatu. Akachukua simu, akakuta dada yake amepiga mara saba.

Alikimbia, wapendwa. Alimkuta dada yake kwenye benchi la hospitali, ameshika viatu vya mzee mapajani.

"Aliwaomba wakungojee kidogo," dada akasema. "Wakangoja. Halafu akaniuliza saa ngapi, nikamwambia saa tatu na robo. Akasema basi, twende."

"Akitoka nitamwambia," yule bwana akasema. "Dada, akitoka tu nitamwambia yote."

Akakaa, akasimama, akakaa. Saa sita daktari akatoka peke yake.

Walilia. Baadaye sana dada akafuta macho, akasema, "Aliniachia neno. Alisema, nikitoka nitamwambia mwenyewe. Nisipotoka, mwambie yule fundi wake apumzike. Nilijua tangu mwaka wa kwanza. Mwambie yalikwisha siku nyingi, nilikuwa namngoja aje aseme tu."

Yalikwisha siku nyingi. Miaka tisa msamaha umekaa mezani, chai inapoa, na mtu yuko dukani anachagua uso wa saa.

Sisi je? Mnamcheka yeye kwa saa, na mimi nawajua. Tumebadili nyumba, tumebadili simu, tumebadili hata namna ya kuomba, na neno moja dogo tumeliacha kwa fundi. Yuko mke anangoja umwambie. Yuko ndugu mliyepakana naye shamba. Yuko Mungu, aliyekwisha kujua, na bado anakungoja useme kwa mdomo wako. Sisi tunajibu, akitoka nitamwambia.

Sasa tazameni saa zenu, nimewaruhusu. Ibada hii nitaimaliza mapema, ili kila mtu apate nafasi ya kupita mahali kabla ya kwenda kula. Atakayeshindwa leo, basi kesho kabla ya saa tatu. Na nikisema saa tatu, nasema saa tatu ya kwetu.